Laptopu ya wingu isipimwe kwa ukubwa wa diski

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie laptopu nyepesi zinazotegemea programu za wavuti, yaani zinazofunguliwa ndani ya kivinjari kupitia intaneti, ambazo wengi wetu tunazifahamu kwa jina la Chromebook. Kila zinapotajwa, husikika hukumu mbili zinazopingana. Wapo wanaozidharau kuwa ni za watoto wa shule kwa sababu diski zake ni ndogo, na wapo wauzaji wanaozinadi kana kwamba hazitofautiani na kompyuta nyingine isipokuwa kwa bei. Kazi yangu ya kila siku, ambayo ni kuhariri na kutafsiri hati, naifanya kwenye laptopu ya aina hiyo, na kwa maoni yangu hukumu zote mbili humpotosha mnunuzi kwa namna moja: humfanya achunguze kilichomo ndani ya mashine, ilhali sehemu kubwa ya uwezo wake, na ya udhaifu wake, iko nje ya mashine yenyewe.

Dharau ile ina historia yake. Chromebook za mwanzo, zilizotengenezwa na Samsung na Acer, ziliingia sokoni katikati ya mwaka 2011, na ile ya Samsung ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 na hifadhi ya GB 16 tu. Barua pepe na uandishi wa hati ndani ya kivinjari vilikuwapo tayari, kwani Gmail ilianza 2004 na huduma ya hati ya Google ikafuata 2006, lakini mchoraji, mhandisi au mhariri wa picha hakuwa na la kufanya kwenye mashine ile. Hali imebadilika sana tangu wakati huo. Figma, programu ya usanifu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ilifunguliwa kwa umma 2016. Mwaka uliofuata vivinjari vikuu vikaanza kuikubali teknolojia ya WebAssembly, inayowezesha programu nzito kukimbia ndani ya ukurasa wa wavuti kwa kasi inayokaribia ile ya programu iliyosakinishwa. Na Adobe, baada ya majaribio yaliyoanza 2021, ikaitoa rasmi Photoshop ya wavuti 2023. Anayezihukumu laptopu hizi leo kwa kipimo cha 2011 anahukumu kitu ambacho hakipo tena.

Hata hivyo sisemi kwamba zinamfaa kila mtu. Mwenye jedwali la Excel lililojaa makro za VBA, yaani amri zilizoandikwa ndani ya jedwali ili lifanye kazi zenyewe, atagundua kwamba Excel ya kwenye kivinjari haiziendeshi, na anayehariri filamu ndefu, au anayetegemea programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee, atafute mashine nyingine bila kusita. Kabla ya kununua, mtu aorodheshe kila programu aliyoifungua katika wiki nzima ya kazi, kisha aziweke kando zile zisizo na toleo la wavuti. Orodha hiyo ndiyo itakayomwamulia. Tangu 2022 upo pia ChromeOS Flex, mfumo endeshi wa Google unaofanana na ChromeOS ya kwenye Chromebook, unaotolewa bure na unaoweza kuwashwa kutoka kwenye flashi katika kompyuta kadhaa za zamani za Windows au Mac bila kufuta kilichomo, kwa hiyo mwenye shaka anaweza kujaribu kabla ya kutoa fedha. Akifikia hatua ya kununua, aulize RAM kabla ya kuuliza diski, kwa maana kila ukurasa uliofunguliwa hudai nafasi yake ya kumbukumbu, na GB 4 huelemewa mapema kwa mtu anayefungua hati, kamusi, barua pepe na mkutano wa video kwa wakati mmoja. Google yenyewe, ilipoanzisha daraja la Chromebook Plus mwaka 2023, iliweka GB 8 kuwa kima cha chini.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni: mtandao ukikatika inakuwaje? Jibu la kwamba laptopu hizi hazifanyi kitu bila intaneti limepitwa na wakati, na jibu la kwamba zinafanya kila kitu halijawahi kuwa kweli. Kivinjari cha sasa kinaweza kuihifadhi programu ya wavuti pamoja na sehemu ya data yake ndani ya mashine, ili ifunguke hata pasipo mawasiliano, na mabadiliko yapelekwe kwenye seva mtandao utakaporejea. Lakini maandalizi ni juu ya mtumiaji. Katika Google Docs, kwa mfano, ni lazima mpangilio wa kufanya kazi nje ya mtandao uwashwe wakati intaneti bado ipo, na hati inayohitajika iwekewe alama ya kupatikana nje ya mtandao. Anayelikumbuka jambo hili akiwa tayari safarini amechelewa. Zipo pia programu za wavuti zisizo na mpangilio huo kabisa. Kwa hiyo namsihi kila mwenye laptopu hizi azime Wi-Fi kwa makusudi siku isiyo na haraka, afungue programu zote anazozitegemea, aandike chochote ndani yake, kisha arudishe mtandao na kuthibitisha kwamba alichoandika kimefika. Baada ya jaribio hilo la dakika chache atajua kwa yakini ni kazi gani anaweza kuiahidi na ipi hawezi.

Jambo lililonisukuma hasa kuandika barua hii ni tarehe ya mwisho ya masasisho, ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kila Chromebook ina tarehe ambayo ikishapita, mashine haipokei tena masasisho ya mfumo endeshi. Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba modeli zilizotoka kuanzia 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10, hatua ninayoipongeza kwa moyo wote, kwani kabla ya hapo mashine ambazo kibodi na skrini zake bado ni nzima zilikuwa zikiachwa bila ulinzi mapema mno. Lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotolewa, wala haianzi upya siku mnunuzi anapolipa. Laptopu ya modeli ya 2021 ikinunuliwa 2027, hata ikiwa boksi lake halijawahi kufunguliwa, imebakiza takriban miaka 4. Kwenye mashine hizi kivinjari ndicho karakana nzima. Kikichakaa, tovuti za benki na za ofisi huanza kukikataa moja baada ya nyingine, na matundu ya kiusalama yanayogunduliwa hubaki wazi. Kwa mwenye laptopu, tarehe hiyo huonekana kwenye mipangilio, katika sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS, na Google imechapisha mtandaoni orodha ya modeli zote. Kinachonisikitisha ni kwamba mtu aliye mbele ya kaunta ya duka mara nyingi haioni kwenye boksi wala kwenye tangazo.

Kuhusu usalama wa kazi yenyewe nitasema machache. Laptopu ikiibwa au ikimwagikiwa maji, mwenyewe huingia kwenye akaunti yake katika mashine nyingine na kuzikuta hati zake, na hilo ni faraja kubwa. Lakini hatari imehamia kwenye akaunti, ambayo kwa sababu hiyo ilindwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai uthibitisho wa pili baada ya nywila, na misimbo ya dharura ya kuingilia uthibitisho huo ukikosekana iandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na laptopu. Nafasi ya bure ya GB 15 inayotolewa na Google hugawanywa baina ya barua pepe, Drive (hifadhi yake ya faili mtandaoni) na picha, na ikijaa, hata barua mpya haziingii. Tena, hati ya Google inayoonekana kwenye folda ya Drive ndani ya kompyuta ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye seva, kwa hiyo kunakili kiungo hicho kwenye flashi si kuhifadhi hati. Anayetaka nakala iliyo mikononi mwake aipakue kwa muundo wa Word au wa ODT, ambao ni muundo huria wa hati.

Kwa hayo yote, ombi langu kwa wauzaji ni moja, nalo haliwagharimu zaidi ya karatasi ndogo: wabandike tarehe ya mwisho ya masasisho kando ya bei, kwenye kila laptopu mpya na hasa kwenye zile zilizokwisha kutumika. Na kwako wewe Mhariri, gazeti lako linapochapisha makala zinazolinganisha kompyuta, naomba tarehe hiyo iwekwe kwenye jedwali pamoja na RAM na muda wa betri.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa gazeti hili