Kikao cha Alhamisi: vidonda vya mgandamizo

Wapendwa, habari za jioni. Alhamisi saa 9 alasiri tunakutana chumba cha mafunzo. Mada ni kumkagua mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kabla kidonda cha kulalia sehemu moja muda mrefu hakijatokea.

Tutatumia kipimo cha Braden, cha kukadiria hatari ya vidonda hivi, cha tangu 1987. Kinaangalia mambo sita: uwezo wa kuhisi, unyevu wa ngozi, kutembea, kujigeuza kitandani, lishe, na msuguano wa ngozi na shuka. Alama ni 6 hadi 23, na hapa wengi huchanganya: zikishuka, hatari inapanda. Mwenye 18 kushuka chini tayari yumo hatarini. Ila ukiandika 13 kwenye faili bila ratiba ya kumgeuza, umejaza karatasi tu.

Nitakalokazia zaidi ni ngozi nyeusi. Tumefundishwa kutafuta wekundu, lakini kwa wagonjwa wetu wengi hauonekani kirahisi. Tumia mkono. Gusa juu ya makalio, nyonga na visigino: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Panauma? Ukipata dalili, usipasugue. Mgeuze, asilalie tena upande huo.

Na zile glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, jamani, tuachane nazo. Weka mto chini ya kigimbi, kisigino kielee.

Walio zamu ya usiku niandikieni pembeni, tutarudia Ijumaa asubuhi mkishakabidhi wodi.