Kwa vijana wa bodaboda Moshi: mzee anayeyumba sio lazima awe kalewa

Marahaba wanangu. Najua hamjanisalimia ila mngenisalimia tu, kwa hiyo naitikia kabisa. Mimi ni yule mzee wa Pasua mwenye kofia ya kahawia, mnanibebaga kwenda Mbuyuni. Nina kisukari mwaka wa 11 sasa.

Mwezi wa saba nilimeza vidonge vyangu alfajiri nikasema chai ntakunywa mjini, kumbe foleni ya benki ikanila masaa mawili. Natoka pale mikono inatetemeka, jasho linatiririka na baridi yote ile ya Julai mnaijua, shati limeganda mgongoni, ulimi mzito, magoti hayataki kunibeba. Vijana wa kijiwe kimoja (sio chenu, au ni chenu, sitaki hata kujua) wakaanza kucheka, "leo mangi mbege imemuwahi", na mmoja katoa simu anarekodi. Aliyeniokoa ni mama muuza chai, alikoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji akanishikia mwenyewe maana mimi kikombe kilikuwa kinagonga meno, nusu ikaishia kwenye shati. Baada ya robo saa hivi ndo nikaweza kusema naishi wapi.

Ile inaitwa sukari kushuka, kwenye mashine inasoma chini ya 4. Inampata anayechoma insulini au anayemeza baadhi ya vidonge halafu hajala, au kanywa pombe na tumbo tupu. Anaweza akawa mkali, anaongea hovyo, yani mlevi kabisa ukimuangalia. Mpe nusu chupa ya soda, soda yenye sukari jamani, sio zile za ziro, subiri dakika 15, kama bado mpe tena, akikaa sawa ale kitu, hata ndizi mbili. Na kama hujui sukari imepanda au imeshuka, mpe tu, kwa sababu sukari iliyoshuka inaua haraka, nusu soda kwa aliyepanda haitabadilisha sana.

Ila akishazimia msimmiminie kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, tafuteni bajaji au gari mumuwahishe hospitali. Na msimpakie mshikaki katikati ya watu wawili, nimeona hiyo, shingo inaning'inia kama kuku.

Kuna na ile ya kupanda sana, inakuja taratibu kwa siku kadhaa: kiu haiishi, anakojoa kila saa, anatapika, anahema kwa nguvu na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Huyo ni hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho.

Sasa nyie wenyewe. Toka saa 12 asubuhi umekaa juu ya pikipiki, unatembea hatua ngapi? Kiu ikibana ni soda, usingizi ukibana ni enaji. Soda moja ya chupa ina sukari kama vijiko 8 vya chai, ukinywa tatu kwa siku piga hesabu mwenyewe. Vitambi navyo naviona, miaka 27 kijana ana kitambi cha diwani! Kunyweni maji. Ndizi na nyama sijakataza, ila nusu ya sahani iwe mboga. Wamarekani walitoa utafiti 2002, watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda wakapunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, walioingia kwenye kisukari wakapungua kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa siku tano, paki pikipiki tembea. Na mkapime sukari kabla ya kula asubuhi, ikisoma 7 kwenda juu rudia siku nyingine na umuone daktari, usiende kutafuta mizizi.

Kesho saa mbili ntapita hapo kijiweni. Mfuko wa koti wa kulia kuna pipi na glukosi ya unga. Mkiniona nayumba ingizeni mkono, simu mtarekodi baadae.