Biafra si hoja ya Somaliland

Ndugu Mhariri,

Kwenye baraza za kahawa hapa Ngamiani, likitajwa tu suala la kuitambua Somaliland, eneo lililojitenga na Somalia, hakosi mtu wa kusema, "Mbona Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra?" Kisha hushusha kikombe kana kwamba kesi imekwisha.

Ni kweli Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, na Nigeria ikavunja uhusiano nasi. Lakini ni Mwalimu huyo huyo aliyepeleka Cairo, Julai 1964, azimio la OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) la kuheshimu mipaka tuliyorithi siku ya uhuru. Hakuwa amelisahau. Hoja yake kuhusu Biafra ilikuwa mauaji ya Waigbo: huwezi kumlazimisha mtu abaki katika nchi inayoshindwa kumlinda. Tena mwaka 2008 tulipeleka askari kisiwani Anzwani kumng'oa kiongozi wake, Mohamed Bacar, aliyeikaidi serikali ya Komoro. Biafra haikuwa sera ya kudumu.

Somaliland ina hoja yake, na kisheria naiona nzito zaidi. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza 26 Juni 1960, ikaungana na Somalia ya Waitalia 1 Julai, siku tano tu baadaye. Ilipojitenga mwaka 1991 ilirudi kwenye mpaka ule ule wa siku ya uhuru. Kwa hiyo haivunji azimio la Cairo, inaliegemea. (Sisi tulioungana mwaka 1964 tunaujua utamu na uchungu wa mjadala huo, huenda ndiyo maana wakubwa wetu hawaupendi.) Ina sarafu, pasi na jeshi, na katika uchaguzi wa Novemba 2024 rais aliyekuwa madarakani alishindwa, akakabidhi ofisi kwa amani.

Kinachonizuia kushangilia ni Las Anod, mji ambao Somaliland inasema ni wake. Mwaka 2023 wenyeji wa huko walipigana na majeshi ya Somaliland wakayafurusha, kwa kuwa wanataka kubaki na Mogadishu. Kama watu wa Hargeisa, makao makuu ya Somaliland, wana haki ya kuamua, hawa wameikosaje?

Tangu 2024 Somalia ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Serikali yetu iitumie nafasi hiyo kuzikutanisha Mogadishu na Hargeisa, na la kwanza kujadiliwa liwe kura ya wananchi, huku kura za Las Anod zikihesabiwa peke yake.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga