Risala ya kikundi cha ufundi umeme cha skuli yetu kwa mgeni rasmi, Chake Chake

Mheshimiwa mgeni rasmi, waalimu wetu, wazee wetu, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Allah kukufikisha salama Pemba, tunajua una shughuli nyingi hatutakuchosha. Tulianza watu 5 chini ya mwembe, leo tupo 19, na tushapiga hatua kubwa sana maana tumeunda kwa mikono yetu chaja ya pikipiki za umeme, ya ampea 16, na pikipiki 2 zishachajiwa hapa hapa zikafika mpaka Mkoani.

Mheshimiwa, shida yetu ni moja tu, mita iliyomo ndani ya chaja. Hiyo ndo inayohesabu uniti, na uniti ni pesa ya mtu. Tunaijaribu kwa birika la umeme la kuazima, limeandikwa wati 2000 kwa volti 230, lakini usiku huku volti 230 ni za kutafuta, zikishuka mpaka 200 birika lile lile linakula kama wati 1500 tu. Juzi baada ya Isha tumekaa chini karakanani, birika linachemka, multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, inaonesha volti 201, tukapiga hesabu tukapata wati 1,527, kioo cha chaja kinasema 1,710. Mwanzo kilikuwa kinasoma hasi kabisa kumbe koili ya kupimia mkondo tumeivisha waya kinyume, hilo tulilirekebisha wenyewe. Ila hii tofauti ya asilimia 12 hatujui kosa la nani, la mita, la birika au la multimita, na tukiacha hivi hivi huenda tunampunja dereva wa boda kila akichaji, na kupunja vipimo tumekatazwa toka tupo chuo cha Qur'ani.

Tunaomba mita 1 ya kulinganishia, ya daraja 0.5, yaani kosa lake halizidi nusu ya asilimia. Tukiifunga pamoja na yetu kwenye mzigo mmoja, volti zipande zishuke, zote zinaona umeme ule ule.

Tuwie radhi Mheshimiwa, mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mita hii hii kabla ya Ramadhani, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma, na Ramadhani 2 zishapita. Wa mwaka jana akasema tuandike barua, tukaandika 3. Hatumlaumu mtu, ila wenzetu wa fomu foo wanamaliza mwaka huu na wao ndo walioifunga mita hiyo.

Profoma, yaani karatasi ya bei ya mita hiyo, ipo mezani pako. Tunakuomba kabla hujapanda gari ututajie tarehe, japo uiandike kwa mkono juu ya profoma hiyo hiyo, alafu karibu karakanani, birika lishajazwa maji.

Ahsante sana.