Mbio za pikipiki hazianzi saa tisa alasiri ya Jumapili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna ukurasa wa michezo unavyoripoti mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki. Kwa kawaida wikendi ya mashindano ikimalizika, Jumatatu tunapata aya mbili: jina la mshindi wa daraja la juu, yaani MotoGP, nchi anayotoka, na pengine jina la aliyeanguka. Moto3 na Moto2, madaraja mawili yanayoshindana katika njia hiyohiyo na siku hiyohiyo, hayatajwi kabisa, na yote yaliyotokea Ijumaa na Jumamosi huachwa kana kwamba yalikuwa ya kupasha misuli tu. Ninathamini hizo aya mbili, kwa sababu najua kandanda inavyobana kurasa zenu, lakini msomaji anayezitegemea hawezi kuelewa kinachoendelea katika mchezo huu.

Tuchukue msimu wa 2024. Francesco Bagnaia wa Italia alishinda mbio kuu 11 za Jumapili, na Jorge Martín wa Hispania alishinda 3. Hata hivyo, aliyetawazwa bingwa wa dunia mjini Barcelona mwezi Novemba ni Martín, kwa pointi 508 dhidi ya 498 za mpinzani wake. Aliyekuwa akisoma habari za Jumapili peke yake lazima alidhani kwamba hesabu imekosewa mahali fulani. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa katika siku ambayo gazeti haliiandiki. Tangu 2023 kila wikendi ya MotoGP ina mbio fupi ya Jumamosi, yenye urefu wa takriban nusu ya mbio kuu, inayompa mshindi pointi 12 na kuwagawia pointi waendeshaji tisa wa kwanza, wakati ile ya Jumapili hutoa pointi 25 kwa mshindi na kushuka hadi pointi moja kwa anayeshika nafasi ya 15. Katika mbio hizo fupi wote wawili walishinda mara saba, lakini Bagnaia alipoteza pointi nyingi kwa kuanguka siku ya Jumamosi: alianguka Barcelona mwezi Mei akiwa anaongoza katika mzunguko wa mwisho, akaanguka Silverstone nchini Uingereza, akaanguka tena Sepang nchini Malaysia msimu ukiwa ukingoni. Martín alishinda mara chache Jumapili, lakini alimaliza wa pili mara nyingi na ni mara chache tu alirudi mikono mitupu.

Hata Ijumaa ina uzito wake. Waendeshaji kumi wenye kasi zaidi katika mazoezi ya Ijumaa alasiri huingia moja kwa moja katika awamu ya mwisho ya kuwania nafasi za kuanzia, na waliobaki hupitia awamu ya kwanza ambako ni wawili tu wanaovuka. Bingwa aliyekosa muda mzuri Ijumaa kwa sababu ya mvua au tairi lililochoka anaweza kujikuta anaanzia mistari ya nyuma katika mbio zote mbili, ile fupi na ile kuu. Ripoti ikisema tu kwamba fulani "alimaliza wa nane", bila kutaja kwamba alianzia nafasi ya 17, imemnyima haki yake mtu aliyefanya kazi kubwa.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni ukimya kuhusu madaraja ya chini. Pikipiki ya Moto3 ina injini ya silinda moja ya cc 250, na uzito wake pamoja na wa mwendeshaji haupaswi kuwa chini ya kilo 152. Kwa kuwa nguvu za injini hizo zinakaribiana mno, hakuna anayeweza kuwakimbia wenzake kirahisi. Kila mmoja hujikunyata nyuma ya aliye mbele ili kuukwepa upepo, kisha huchomoka ghafla. Mugello, nchini Italia, ambako njia iliyonyooka ina urefu wa zaidi ya kilomita moja, anayeongoza akiingia sehemu hiyo anaweza kuwa wa tano kabla hajafika kwenye kona ya kwanza. Moto2 wote wanatumia injini moja ya Triumph ya silinda tatu na cc 765 tangu 2019, kwa hiyo tofauti inabaki kwenye fremu, mafundi na mtu mwenyewe. Ni kwa kupitia madaraja hayo ndipo karibu wote hufikia zile pikipiki za cc 1000, ambazo Brad Binder wa Afrika Kusini aliifikisha moja kwenye kasi ya kilomita 366.1 kwa saa hapo Mugello mwaka 2023.

Nimemtaja Binder kwa makusudi. Mwezi Aprili 2016, huko Jerez kusini mwa Hispania, aliadhibiwa kwa sababu programu iliyokuwa ikiongoza injini ya pikipiki yake ya Moto3 haikuwa ile iliyoidhinishwa, akapelekwa mwisho kabisa, nafasi ya 35. Alianza nyuma ya watu wote na akashinda. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia, na mwaka huohuo akawa bingwa wa daraja hilo. Aliyemaliza wa tatu siku ile alikuwa Bagnaia, juu ya pikipiki ya Mahindra ya India, na mwenzake katika timu ya Aspar msimu huo alikuwa si mwingine ila Martín. Kwa maneno mengine, vijana wawili waliogombea taji la dunia la 2024 walikuwa timu moja miaka minane nyuma, katika daraja ambalo ukurasa wetu wa michezo haukuliandika. Binder naye, mwaka 2020 mjini Brno katika Jamhuri ya Czech, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu. Kwa wasomaji wengi jina lake lilikuwa geni siku hiyo, ilhali mtu wa bara letu alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia.

Mara pekee Moto3 inapopata nafasi kubwa magazetini ni pale mtu anapokufa. Mwezi Mei 2021 Jason Dupasquier wa Uswisi, mwenye umri wa miaka 19, aliumia Mugello siku ya Jumamosi wakati wa kuwania nafasi za kuanzia, akafariki Jumapili. Mwaka huohuo Hugo Millán, mwenye miaka 14, alifariki Aragón, na Dean Berta Viñales, mwenye miaka 15, alifariki Jerez, wote wawili wakiwa katika madaraja ya chini ya mashindano mengine. Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki pamoja na waandaaji walitangaza kwamba kuanzia 2023 umri wa chini wa kushiriki mashindano ya dunia ungepandishwa hadi miaka 18, pamoja na ruhusa maalumu kwa wachache. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ila siamini kwamba umri ulikuwa chanzo pekee. Wote watatu walianguka kisha wakagongwa na pikipiki zilizokuwa nyuma yao, kwa sababu ule mkaribiano unaotufurahisha ndio unaomnyima aliye nyuma nafasi ya kukwepa. Ndiyo maana idadi ya pikipiki ilipunguzwa pia katika baadhi ya madaraja ya vijana. Mjadala kama huo unahitaji wasomaji wanaojua mbio hizo zinavyoendeshwa katika wikendi za kawaida, ambazo wote wanarudi salama. Si haki vijana hao wajulikane kwetu kwa misiba tu.

Sioni kwamba naomba jambo gumu. Kwa ratiba ya kawaida ya Ulaya wakati wa kiangazi, Moto3 huanza saa sita mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Moto2 saa saba na robo, na MotoGP saa tisa alasiri. Kabla ya saa kumi kila kitu kimekwisha, wakati mechi kadhaa za kandanda mnazozisubiri usiku bado hazijaanza. Vijana wa bodaboda katika vijiwe vyetu wanazijua pikipiki hizi kwa jina na kwa mlio, na wanafuatilia matokeo kwenye simu zao kwa lugha wasiyoielewa vizuri. Hao ni wasomaji ambao gazeti linaweza kuwapata.

Napendekeza jedwali dogo kila Jumatatu baada ya mashindano: watano wa kwanza wa kila daraja, nafasi ambayo kila mmoja alianzia, matokeo ya mbio fupi ya Jumamosi, na msimamo wa pointi hadi siku hiyo. Aya zenu mbili zikae chini yake, na walau moja kati ya hizo isiwe ya MotoGP.

Msomaji wenu,
Tanga