Shemeji, mteremko ndio utakaokuumiza

Shemeji,

Habari zimenifikia kwamba umelipia namba ya mbio za kilomita 21 za Kampala, zile za Novemba zinazoanzia uwanja wa Kololo. Hongera, na pole kidogo. Uliuliza, "Vile vilima nitavipandaje?" Utavipanda polepole, pakikuzidi utatembea, na hakuna atakayekutoa mbioni kwa kutembea. Ila hofu umeielekeza kusiko. Wageni wa mbio hizi hawamalizwi na kupanda. Humalizwa na kushuka, kisha wakakilaumu kilima kilichofuata. Naandika hadharani kwa sababu najua hapo kazini mmejiandikisha kwa mkumbo, na wenzako nao wana swali hilo hilo.

Umbali kamili ni km 21.0975. Ukianza katikati ya Agosti una wiki 14, na zinamtosha mtu anayeweza kukimbia km 4 bila kusimama. Kama km 4 bado zinakushinda, omba uhamishiwe za km 10 mwaka huu. Si aibu, na magoti yako yataendelea kuwa yako.

Kimbia siku nne kwa wiki. Jumanne na Ijumaa ni km 5 nyepesi, Jumatano au Alhamisi ni siku ya vilima, na Jumapili, au Jumamosi kama Jumapili ni ya kanisa, ndiyo siku ya mbio ndefu. Mbio hiyo ndefu ipande hivi: km 6, 7, 8, kisha urudi 6, halafu 9, 10, 12, urudi 9, halafu 13, 15, 17, 18. Wiki ya 13 kimbia 10 tu, na ya 14 ndiyo mashindano. Zile wiki za kurudi nyuma usiziruke kwa kuwa unajisikia vizuri. Ndizo mwili unazotumia kujenga kile ulichokibomoa. Wala usitafute kukimbia 21 nzima nyumbani ili "kujihakikishia". Ukishafika 18 kwa utulivu, tatu zilizobaki zitabebwa na mapumziko ya wiki mbili na kelele za watu barabarani.

Polepole kiasi gani? Kiasi cha kuweza kumsimulia mwenzako mambo ya jana kwa sentensi nzima, bila kuikata ili uvute pumzi. Ukikatakata, punguza, hata kama mama mwenye ndoo kichwani anakupita. Kuna sababu. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana wengi huumia wiki chache baada ya kuanza: pumzi imekuwa nyepesi, mtu anaongeza kasi, na muundi ambao haujawa tayari unalipa deni. Jacob Kiplimo, mkimbiaji wa Uganda kutoka Bukwo, alikimbia nusu marathoni ya Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31, yaani takriban dakika 2 na sekunde 44 kwa kila kilomita, lakini hata wakimbiaji wa kiwango chake wana siku za kwenda taratibu. Sisi tunaiga siku zake za kasi tu, tena tukiwa na raba za mwaka juzi.

Sasa mteremko. Unapopanda, misuli ya paja hujikunja ikisukuma. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo hulazimika kurefuka huku imekaza, kama breki ya lori lililojaa ndizi. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli. Hutausikia uchungu pale pale, kwa sababu pumzi yako iko sawa na unajiona hodari. Lakini nguvu ya paja inapungua, na unapokutana na kilima kwenye km ya 16 miguu haisukumi tena. Maumivu yenyewe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi. Msuli uliowahi kuumizwa kidogo na mteremko hujikinga kwa wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo kuanzia wiki ya tano, siku yako ya vilima iwe na kushuka kwa makusudi. Tafuta mteremko wa mita 200 hadi 300 usio mkali sana, wa marram (udongo mwekundu ulioshindiliwa) kama upo. Wewe unayeishi kilimani Naguru huhitaji kwenda mbali. Panda kwa jogingi au kwa kutembea, shuka kwa kukimbia, mara 4. Kila wiki ongeza moja, ukomee 8. Mara ya mwisho iwe siku 10 hadi 12 kabla ya mashindano. Ukisogea karibu zaidi ya hapo, utafika Kololo na mapaja mabichi.

Namna ya kushuka: hatua fupi, za harakaharaka. Mguu utue chini ya kiuno chako, usiurushe mbele na kufunga breki kwa kisigino. Mwili uinamie mbele kidogo kuanzia vifundo vya miguu, usijilaze nyuma. Magoti yawe yamelegea. Mikono iachie itanuke, ndiyo mizani yako. Macho yatazame mita 5 hadi 10 mbele, maana kwenye lami yetu shimo halijitangazi. Ukisikia nyayo zinapiga lami pa! pa! pa!, hatua ni ndefu mno. Mshukaji mzuri hasikiki.

Mteremko huo huo ndio unaong'oa kucha. Mguu huteleza ndani ya kiatu, kidole gumba kinagonga mbele mara elfu kadhaa, na kucha inakuwa nyeusi. Hapo tunafika kwenye raba.

Ukienda kununua raba soko la Owino, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyovimba kwenye mbio, na uende na soksi utakazokimbilia. Simama wima: kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Raba ya mivumba (mitumba) ina majaribio yake. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, iache, itaubeba mguu wako upande huo huo. Ikunje: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama chapati, imekufa. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya kudumu ubavuni, imeshamalizwa na mtu mwingine. Kisha vuta ukingo wa soli kwa ukucha uone kama gundi inashika. Raba iliyokaa stoo miaka mingi huonekana mpya kabisa, halafu soli inabanduka kwenye mvua ya kwanza. Muuzaji atakuambia ni "orijino". Inawezekana, lakini hata kitu orijino huzeeka.

Raba nzuri hudumu kati ya km 500 na 800. Mpango wako wote wa wiki 14 hauvuki 500, kwa hiyo pea moja itakufikisha. Ukipenda mpya, inunue angalau wiki nne kabla. Hakuna kitu kipya siku ya mashindano: si kiatu, si soksi, si ile fulana utakayopewa na waandaaji, ambayo hujui itakukwaruza wapi. Pamba huloa jasho, ikawa nzito na kuchubua. Paka vaselini kwapani, katikati ya mapaja na kwenye chuchu. Utacheka, halafu utapaka.

Kuhusu barabara: jua la Kampala huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro, hivyo ukitoka saa 11 asubuhi unakimbia gizani na boda zisizo na taa. Magari yetu hupita kushoto. Wewe kimbia kulia, uyaone yanakuja. Vaa kitu kinachong'aa, na masikioni usiweke kitu. Mitaro iliyo wazi imevunja miguu mingi kuliko vilima. Septemba hadi Novemba ni msimu wa mvua, na mvua yenyewe haina neno, lakini ngurumo ikianza, ingia ndani. Radi za huku si za kuzifanyia mzaha.

Maumivu yapo ya aina mbili. Kuuma kwa jumla kwenye paja zima au shavu zima la mguu, kunakopungua ukishapata joto, ni kazi ya kawaida. Lakini uchungu unaoweza kuuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, unaozidi kadiri unavyokimbia, au unaokufanya uchechemee, huo ni wa kusimama siku hiyo hiyo. Muundi ukiuma hivyo, pumzika wiki nzima, na usipopona mwone daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ukiwa na homa usikimbie hata km 2. Pima malaria, maliza dawa, kisha urudi kidogokidogo: wiki ya kwanza nusu ya ulichokuwa unakimbia. Na tafadhali, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mashindano "kwa tahadhari". Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo jasho limeshaipunguza, na hukwaruza tumbo. Najua duka la dawa liko hapo mlangoni. Lipite.

Chakula hakihitaji falsafa. Siku mbili kabla ongeza matoke, wali, posho (ugali), viazi, na upunguze mafuta. Maharage na kabichi viache usiku wa mwisho, kwa sababu unazozijua. Kama mbio zinaanza saa 12 asubuhi, amka saa 9 na nusu ule mkate na bogoya (ndizi mbivu) na chai, ili tumbo lipate muda wa saa mbili na nusu. Roleksi, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, iache kwa baada. Njiani, kuanzia dakika ya 40 hivi, mwili utahitaji takriban gramu 30 za wanga kila saa. Bogoya moja ya wastani inakaribia hapo, au glukosi uliyoichanganya mwenyewe. Ijaribu kwanza kwenye zile km 15 na 17, maana tumbo nalo lina mazoezi yake. Maji kunywa kwa kiu, mafunda machache kila kituo. Anayejaza tumbo maji kila anapoyaona anaweza kuzimua chumvi ya damu yake na kuanguka vibaya kuliko mwenye kiu. Kama unatoka jasho la chumvi nyeupe kwenye kofia, tumia mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Kasi ya siku yenyewe uipate hivi. Wiki tatu au nne kabla, kwenye siku yako ya vilima, badala ya vilima kimbia km 10 kwa bidii uchukue muda. Zidisha kwa 2.2. Aliyetumia dakika 65 anapata 143, yaani saa 2 na dakika 23. Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, na Kampala si tambarare, ongeza dakika 5 hadi 10, ulenge saa 2 na nusu. Hiyo ni dakika 7 na sekunde 7 kwa kilomita. Lakini saa isikutawale vilimani. Unapopanda, linda pumzi, usilinde kasi. Ukipoteza sekunde 40 kwenye kilomita ya kupanda, ziache zipotee. Usizidai zote kwenye mteremko unaofuata. Hapo ndipo watu hujiua.

Km 5 za kwanza ziende sekunde 10 hadi 15 polepole kuliko lengo. Umati utakuvuta, muziki utakuvuta, na vijana watakupita kwa mbwembwe. Wengi wao utawakuta km 15 wameshika kiuno. Kichomi kikikubana ubavuni, punguza, toa pumzi ndefu kwa nguvu, ubonyeze pale panapouma. Toka km 16 hesabu kilima hadi kilima tu.

Asubuhi hiyo boda itakushusha mbali kwa sababu barabara zitakuwa zimefungwa, na foleni ya choo ni ndefu, hivyo fika saa nzima mapema. Namba ibanwe kwa pini nne kifuani, chipu ya kupimia muda isikunjwe, na nyuma ya namba andika simu ya mtu wa nyumbani. Kaveera (mfuko wa plastiki) kubwa lililotobolewa kichwa na mikono ni koti zuri la kusubiria. Mbio zikikaribia kuanza, lipeleke kwenye pipa, usiliache likawa mtego wa miguu ya wenzako.

Ukimaliza usikae chini. Tembea dakika 10 hadi 15, kunywa, kula ndani ya saa moja, posho na mchuzi wa karanga hauna mpinzani. Siku mbili utashuka ngazi kinyumenyume, ni kawaida. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi si kawaida: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikimbie siku 5, tembea tu.

Jumapili hii ni km 6. Niandikie ulivyoshuka kutoka Naguru, si ulivyopanda kurudi.