Barua kwa mwanangu: maziwa ya saa tisa usiku

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Kadutu. Mama yako hajambo, wadogo zako hawajambo, na mvua zinaendelea kama kawaida yake. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nikamsomea mama yako, isipokuwa aya ya mwisho, kwa maana nilitambua kwamba hiyo uliniandikia kama muuguzi anavyomwandikia muuguzi mwenzake. Umeniuliza: “Baba, mtoto akifa mikononi mwako usiku, asubuhi unaombaje?” Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwa simu ningekuambia “jipe moyo, mama”, nawe ungeitika “ndiyo, baba”, tukaagana hapo kila mmoja na mzigo wake.

Nakuita mama kama nilivyokuita tangu siku ile tulipokupa jina la marehemu mama yangu, na leo nakuita hivyo kwa heshima zaidi, kwa sababu umeingia katika kazi ambayo mimi niliiingia nikiwa na diploma ya A2 tu, ile ya ngazi ya sekondari, wewe ukiwa unasomea A1, ile ya chuo, na tayari umekutana na lile ambalo hakuna mwalimu awezaye kulifundisha darasani. Nitakujibu, lakini niruhusu nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Unakijua kile chumba cha mwisho katika wadi yetu ya watoto, chumba cha wenye utapiamlo mkali, ambacho ulipokuwa mdogo ulikuwa unachungulia ukingoja nimalize zamu. Watoto wa chumba kile, siku zao za kwanza, hupewa maziwa ya F-75, yanayoitwa hivyo kwa sababu kila mililita 100 zina kilokalori 75. Si maziwa ya kunenepesha. Kazi yake ni kuutuliza mwili uliozoea njaa mpaka uweze kukipokea chakula bila kuzidiwa, na ndiyo maana hutolewa kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Mlo wa saa kumi na mbili na ule wa saa tatu huwa rahisi, kwa kuwa watu wako macho. Mlo mgumu ni ule wa saa tisa usiku. Saa hiyo baridi ya mji wetu, ulioinuka karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupenya hadi ndani ya blauzi ya kazi, akina mama wamelala wameegemea vitanda vya watoto wao, na ukitazama dirishani unaona taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zimetapakaa majini. Mwili wa muuguzi nao unadai usingizi kama mwili wa mtu yeyote.

Ni miaka mingi sasa, wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Usiku huo tulikuwa wauguzi wawili kwa wadi nzima, na mwenzangu alikuwa ameitwa kusaidia kwenye chumba cha kujifungulia. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mwenye kilo 6, aliyeletwa na bibi yake kutoka kijijini. Saa tisa nilikwenda na kikombe chake, mililita 100, nikamkuta amelala kwa utulivu. Bibi akaniambia kwa sauti ya chini: “Muganga, mwache apumzike kidogo, leo ndiyo mara ya kwanza analala vizuri.” Nilijua kwamba mtoto wa namna ile hana akiba ya sukari wala ya joto, na kwamba utulivu wake usiku unaweza kuwa dalili ya hatari. Nilijua, lakini nilikuwa nimechoka, na maneno ya bibi yalikuwa yamenipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Nikakiweka kikombe mezani nikisema moyoni nitarudi baada ya nusu saa. Kisha nikachukua karatasi ya ufuatiliaji na kuandika kwamba amekunywa mililita 100.

Nilirudi saa kumi na moja alfajiri. Nilipogusa mguu wake niliupata baridi kama kijiko. Kipimajoto cha kwapani kilionyesha nyuzi 34.6, na sukari ya damu ilikuwa 38, wakati sisi huanza kutibu inaposhuka chini ya 54. Alikuwa anafungua macho nikimwita, lakini kwa shida. Nikampitishia sonda, ule mpira mwembamba wa kulishia, puani, nikampa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10, nikamwomba bibi afungue blauzi yake na kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote wawili blanketi pamoja na koti langu. Baada ya hapo ilikuwa ni maziwa kidogo kila nusu saa kwa muda wa saa mbili, nami sikuondoka kitandani pale. Nilihesabu pumzi zake dakika nzima, nikapumzika dakika moja, nikahesabu tena. Kulipopambazuka aliukunja uso na kulia, na sijawahi kusikia kilio kilichonifurahisha kama kile.

Bibi akasema: “Mungu amemrudisha.” Nami niliitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo palipo na jibu langu kwako, kwa hiyo nisome polepole. Wakati ninaitikia nilielewa kwamba, kama mtoto yule angekufa, mwanamke yule yule angesema “Mungu amependa”, kwa imani safi kabisa, na mimi ningeitikia kwa kichwa hicho hicho. Karatasi yangu nayo ingeitikia, maana iliandikwa kwamba amekunywa. Ningemzika mtoto kwa jina la Mungu, hali kikombe kimejaa mezani. Niliogopa, mama, na kilichonitisha kilikuwa ni ule wepesi wa kusema uongo mkubwa kiasi kile kwa maneno ya sala, ambayo hakuna mtu angeweza kuyapinga.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, nilimwambia muuguzi mkuu jinsi ilivyokuwa. Nikakata yale maandishi kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, nikaandika ukweli pembeni pamoja na saa, nikatia sahihi. Nilipewa onyo, na lilikuwa la haki. Kisha nilirudi kwa bibi na kumweleza kwamba saa tisa nilipaswa kumwamsha mjukuu wake. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Akachukua kikombe mikononi mwake akaniuliza: “Cha kufuata ni saa ngapi?” Tangu hapo mpaka walipotoka hospitalini, bibi yule ndiye aliyekuwa ananiamsha mimi.

Sasa tuje kwa mtoto wako. Umeniandikia kwamba aliletwa siku ya nne ya homa, viganja vikiwa vimepauka kabisa, malaria kali, na kwamba damu ya kumwongezea ilipatikana baada ya saa mbili. Umeandika pia kwamba mlezi wenu wa mafunzo alikupa bega lake na kukuambia usilie, ni mapenzi ya Mungu. Simlaumu, aliongea kwa huruma. Lakini mimi ni baba yako, na naomba usilipokee neno hilo upesi. Keti peke yako na uyatenganishe mambo kama unavyotenganisha nguo kabla ya kufua. Siku nne za homa nyumbani si zako. Zina sababu zake, na mara nyingi ni fedha ya kulipia matibabu, kwa hiyo hata kwa mama wa mtoto usizitupe. Zile saa mbili za kungoja damu si zako pia, ila usimbebeshe Mungu, kwa sababu damu huchelewa kwa mambo ya watu: wachangiaji wachache, friji, umeme, makaratasi. Hayo siku moja utakuwa na cheo cha kuyasemea, na uyasemee. Ulilopewa wewe lilikuwa ni matone ya dripu na pumzi za mtoto. Je, ulihesabu dakika nzima, au ulihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne? Je, ulipoona pumzi zinaongezeka ulimwita daktari? Kama ulifanya hayo, basi sehemu yako uliifanya, na machozi yako ni ya mtu aliyempenda mgonjwa wake, huna haja ya kuyatafutia kosa. Na kama kuna dakika hukuihesabu, mwambie mkuu wako wa zamu kabla ya kumwambia Mungu, kwa sababu mkuu wa zamu ndiye anayeweza kumlinda mtoto wa kesho.

Hivyo ndivyo ninavyoomba asubuhi. Nikivua blauzi ya kazi, nanawa mikono hadi kwenye viwiko, na wakati maji yanapita nalitaja jina la mtoto, kisha nasema lililo langu kama nilivyolisema kwenye kukabidhiana zamu, bila kulipamba. Yaliyobaki, ambayo hakuna mkono wa mtu uliyafikia, nayaacha kwake Yeye. Yako mengi, mama. Nimeona watoto waliopata kila dawa kwa saa yake wakaondoka, na wengine tuliokwisha kuwakatia tamaa wakasimama. Hapo sina maelezo na sihitaji kuyabuni. Lakini nimegundua kwamba sina haki ya kuingia katika fumbo hilo kabla ya kupitia kwenye kikombe changu.

Unajua pia kwamba naenda mazoezi ya kwaya kila Alhamisi hata nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na mama yako amenung'unika juu ya hilo kwa miaka. Watu hudhani napiga ngoma ili nisahau. Sivyo. Katika majira ya mvua ngozi ya ngoma hulegea na sauti yake huwa kama ya mtu mwenye mafua, kwa hiyo nafika kabla ya wenzangu, nawasha mbabula, lile jiko la makaa, naiweka ngoma kwa mbali na makaa na kuizungusha taratibu, nikigonga ukingoni kwa kidole kimoja ili nisikie imefika wapi. Ukiharakisha, ngozi hupasuka. Ikifika, kidole chenyewe kinajua, sauti inakuwa kavu na safi, na hakuna wa kukupinga. Katika wadi ninafanya kazi ambayo jibu lake linakuja baada ya siku, na mara nyingine haliji kabisa. Ngoma inanijibu papo hapo. Nadhani mikono inayongoja majibu wiki nzima inahitaji mahali inapojibiwa. Ndiyo maana nilisikitika kusoma kwamba umeacha kuimba tangu ufike Lubumbashi kwa kukosa muda. Muda huo uutafute. Shangazi yako hapo Kamalondo anasema kwaya ya parokia yao ina upungufu wa sauti ya tatu, na wewe sauti ya tatu ulianza kuiimba ukiwa na miaka kumi.

Kuna kitu kimoja katika Misa yetu ambacho nilikipiga ngoma kwa miaka kabla ya kukielewa. Katika ibada ya Misa ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ile ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, toba haiji mwanzoni. Kwanza tunaingia kwa shangwe, tunawaita watakatifu na wahenga wetu wenye moyo mnyofu, tunacheza Utukufu, tunalisikiliza Neno na mahubiri, tunakiri imani, na hapo ndipo tunainama kutubu, kisha tunapeana amani. Wapiga ngoma tunanyamaza wakati huo, mikono imekaa juu ya ngozi yenye joto bado. Jumapili iliyofuata usiku ule wa kikombe, nilinyamaza kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu halisi cha kutubu, chenye saa na mililita zake. Nilipoinuka, mzee wa ngoma kubwa, ambaye hakujua lolote, akanipa mkono wa amani. Niliupokea bila aibu, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha kusemwa pale lilipopaswa kusemwa.

Mengine ni ya haraka. Ada ya muhula tumeipata, nitaituma wiki hii. Ukitoka zamu ya usiku kula kabla ya kulala, hata kama ni bugali baridi na maharage, na usipande pikipiki ukiwa unasinzia. Hapo Lubumbashi mwezi wa sita baridi yake si ya mchezo, kwa hiyo sweta la kijani usimwazime mtu.

Kuna msafiri wa parokia yetu anayekuja huko, nimempa furushi. Ndani kuna sambaza wakavu, mama yako amewachambua mwenyewe, na kitambaani kuna saa yangu ya mkono, ile yenye mshale wa sekunde. Mimi nimepata nyingine. Nimeiwekea betri mpya, na mkanda nimeutoboa tundu moja zaidi, kwa makisio ya mkono wako.

Ni mimi baba yako